Mwaka wa Mwisho wa Nabii Hénoc

Lubumbashi, Hewa Bora, 12 Januari 2025

Mudogo wangu Edmond,

Jambo sana kwako, kwa bibi yako Bénie na kwa batoto. Mumeufungua mwaka namna gani kule Goma? Sisi tuko wazima. Deborah mifupa ilimuuma siku za Noeli, unajua ile damu yake ya SS, ile ya selimundu, haipendi mvua wala baridi, lakini alikunywa vidonge vyake na sasa amerudi masomoni. Mwaka huu anamaliza sekondari. Anataka kusomea sheria. Baba yake, Rodrigue, angekuwa hai angekuwa amekwisha kumwita "Maître", kama wakili, mbele ya jirani. Tangu lori lake lipinduke njia ya Kasumbalesa nyumba hii imekuwa kubwa sana kwa bantu babili.

Edmond, kuna neno. Nilikuambia nasali kwa Nabii Hénoc, hapa mujini, mutaa unaoitwa Kenya, nyuma ya soko. Siku ya mwaka mupya alisimama mbele yetu bila kupaza sauti, akasema: "Kalenda mupya musinunue. Huu njo mwaka wa mwisho. Jumapili, tarehe kumi na ine mwezi wa tisa, saa sita ya muchana, mulango utafungwa." Kisha akasema Mashariki italia mbele ya bote. Banamama balianguka chini. Mimi niliwaza ninyi.

Njooni Lubumbashi, kwangu mimi dada yako mukubwa. Nafasi iko.

Yaya wako,
Kahambu

Goma, 19 Januari 2025

Yaya Kahambu,

Nakusalimu sana, na Bénie anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi atatuma lini tena vitenge. Tuko wazima, ingawa mizinga tunaisikia upande wa Sake na wakimbizi wamejaa hadi kwenye uwanja wa shule yetu. Juzi nilifundisha somo la mito ya Afrika wakati mama mmoja anapika uji nyuma ya dirisha.

Usinikasirikie, Yaya. Mashariki inalia tangu mimi mtoto. Mtu akitabiri kwamba tutalia, hajatabiri kitu. Kuondoka siwezi: mama mkwe hatembei, na wanafunzi wangu siwezi kuwaachia ubao mtupu.

Mfunike Deborah vizuri, na vidonge asiviache.

Mudogo wako,
Edmond

Lubumbashi, 28 Januari 2025

Edmond, radio inasema baasi baliingia Goma. Nakupigia, simu haiiti. Bénie vilevile. Ujumbe wangu uko na alama moja tu, haufiki. Leo kanisani nabii alinisimamisha mbele ya bantu, akasema: "Muulizeni huyu mama kama nilidanganya." Edmond, andika hata neno moja. Andika "niko".

Yaya wako

Goma, 9 Februari 2025

Yaya wangu,

Niko. Sote tuko. Kwanza hilo, salamu zitafuata.

Maji, umeme na simu vilikatika pamoja. Tulilala chini ya meza, mama mkwe tukamzungushia magodoro. Mizinga iliponyamaza nilijiandikisha kwa wanaojitolea kuzika. Yaya, nimezika. Nimemzika mwanafunzi wangu Guelord, aliyekuwa hajui kuandika neno "Kilimanjaro" bila kosa. Viatu vyake ndivyo vilivyonijulisha ni yeye.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Usiruhusu mtu aniambie kwamba hawa walikuwa ishara. Guelord hakuwa ishara ya mtu yeyote.

Uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa. Shule wanasema tufungue, na tutafungua. Deborah anaendeleaje?

Mudogo wako,
Edmond

Lubumbashi, 27 Aprili 2025

Mudogo wangu mupenzi,

Jambo. Natumaini muko na afya, na mama mukwe anapata dawa. Sisi tuko katika maombi.

Usidhani sikulia kwa ajili ya yule mutoto. Nililia. Lakini angalia mwenyewe: Goma, kisha Bukavu, kisha ardhi ikatikisika kule Asia, na juzi, kesho yake ya Pasaka, Papa wa Roma akafa. Nabii alisema muchungaji mukubwa ataondoka. Wewe unafundisha jeografia, unaona dunia kwenye karatasi. Mimi naiona inakunjwa.

Nikuambie mbele ya kusikia kwa bengine: Deborah haendi tena masomoni. Diploma ya kufanyia nini, katika mwaka usiofika mwisho wake? Na vidonge tumeacha. Nabii alimuwekea mikono, akasema mwili mupya hauko na SS. Tangu siku ile hajaumwa hata mara moja. Hata mara moja, Edmond! Wewe utasema nini?

Yaya wako,
Kahambu

Goma, 28 Aprili 2025

Yaya,

Nitasema mwezi wa tano unakuja, na baridi ya Lubumbashi unaijua kuliko mimi. Damu yake haijabadilika. Inangojea tu.

Yule mchungaji mkubwa alimtaja lini? Kabla Papa hajafa au baada? Katika barua ya Januari uliniandikia neno moja tu, Mashariki. Sasa ishara ni nne. Kila radio inaposema kitu, jioni nabii anadai alikwisha kukisema.

Mimi mji wangu umeanguka kweli, Yaya. Niliona. Na kesho yake mama wa jirani aliamka akafagia vioo mbele ya mlango wake, akauza mandazi. Sijui mwisho wa dunia unafananaje, lakini ninajua watu wanahitaji nini siku inayofuata.

Mpe mtoto dawa. Unichukie kama unataka, lakini mpe. Na nipe nafasi ya kuongea naye. Namba yake haipatikani.

Mudogo wako

Lubumbashi, 15 Juni 2025

Edmond,

Salamu. Simu ya Deborah ninayo mimi, na kesho nitaiweka pamoja na yangu mikononi mwa nabii, kama bote.

Umeona moto unavyovuka mbingu kule inchi za Biblia, Israeli na Irani? Bantu balikuwa banabisha, sasa banakimbilia kanisani na magodoro kichwani. Tunahamia shambani, njia ya Kipushi, tungojee pamoja. Jirani yangu Chanda anakuja nasi. Mimi njo nilimuleta kwa Bwana. Mume wake alikataa, akamunyang'anya mutoto wao mudogo, Exaucée, akasema: "Wewe enda, huyu anabaki." Chanda alilia njia yote ya soko, lakini anakuja. Hiyo njo imani.

Maneno yako yananitia baridi ndani. Usiniandikie tena mupaka ile siku. Kama tukionana juu, tutaonana.

Kahambu

Goma, 16 Juni 2025

Yaya, usiende. Au nenda wewe, umwache Deborah kwa mtu. Nijibu. Alama ni moja tu.

Edmond

Goma, 20 Julai 2025

Yaya Kahambu,

Najua husomi ujumbe huu. Naandika kwa sababu nikinyamaza naona kama nimekuzika na wewe.

Unamkumbuka Clément, mtu wa Kasai niliyekaa naye chumba kimoja chuoni? Ni mwuguzi sasa, anakaa Katuba, hapo hapo Lubumbashi. Nilimwomba afike hapo shambani. Alisimama getini tangu asubuhi. Vijana wa nabii walimwambia hakuna mgonjwa ndani, wako watakatifu tu. Lakini anasema aliona wasichana wanachota maji, na mmoja mrefu alikuwa anatembea kama mzee, mkono kiunoni. Akaita kwa sauti: "Deborah! Mimi Clément, Katuba, nyuma ya shule ya Wamethodisti! Saa yoyote!" Msichana aligeuka. Wakamsukuma Clément.

Ni Deborah?

Huku wanasema amani imetiwa sahihi Amerika. Hapa Goma tunaendelea kupanga foleni ya maji. Ndege haziruki, na barabara za kuja kwako zinapita nchi tatu. Bénie ananizuia, na mama mkwe amezidiwa. Sina mikono ya kufika huko. Nina haya maneno tu.

Mudogo wako

Goma, 14 Septemba 2025

Yaya, ni saa tisa alasiri. Saa sita imepita. Mbwa wanabweka, watoto wanacheza kamba. Dunia iko. Wewe uko wapi? Bado alama moja.

Edmond

Lubumbashi, 17 Septemba 2025

Mudogo wangu Edmond,

Naandika kwa simu ya Clément, kwa hiyo usishituke ukiona namba yake. Mimi njo nilimuomba asikuambie neno mupaka niandike mwenyewe. Salamu zote kwako na kwa Bénie. Nimesoma barua zako zote leo, nakala zile ulimutumia Clément, moja moja, nikiwa nimekaa chini koridoni ya hospitali.

Deborah iko hai. Mukono wa kushoto hausikii vizuri na maneno yanatoka polepole. Daktari anasema damu iliziba njia ya kichwa. Pengine itarudi, pengine nusu.

Acha nikuambie vile ilikuwa. Alianza kuumwa mwezi wa saba, mimi nikamuambia omba. Alikuwa anauma kitambaa ili bengine basisikie, maana mwenye kuumwa alihesabiwa kuwa na zambi iliyofichwa. Alhamisi iliyopita, asubuhi, aliniita "Mama", mudomo ukaenda upande mumoja. Nilimupeleka kwa nabii mbio. Alikuwa anakula, Edmond. Sisi tulikuwa kwenye kufunga, na yeye alikuwa anakula bukari na samaki. Akafunika sahani na akasema: "Siku tatu tu, mama. Jumapili atasimama muzima. Usiharibu neno la Mungu kwa siku tatu."

Siku zingine ningepiga magoti. Siku ile niliangalia mudomo wa mutoto wangu. Nikamubeba mugongoni, yeye mukubwa vile, miguu ikiburuta. Getini vijana bakasema: "Mama Deborah, anayegeuka nyuma ni bibi ya Loti." Nikajibu: "Basi nigeuke chumvi. Fungueni." Nililia kwa sauti ambayo sikujua ni yangu. Mumoja akafungua, hakuniangalia.

Kwenye barabara nilisimamisha pikipiki. Sikujua mahali pengine pa kusema, nikasema: "Katuba, nyuma ya shule ya Bamethodisti." Ile sauti ya Clément getini tulikuwa tumeisikia sote siku ile, na mimi nilijifanya sijaisikia. Clément alinikuta barazani kwake na hakuuliza hata swali. Alituleta hapa. Balitoa damu yangu kujaza akiba yao, bakamuwekea ya muntu mwingine iliyofaa.

Sasa nikuambie neno nisiloweza kumuambia muntu mwingine. Jumapili, saa sita ilipokaribia, nilikuwa ningali naogopa. Nilishika kitanda cha Deborah na nikafunga macho. Nilikuwa naogopa dunia itaisha na mimi niko inje. Kisha ikaingia hofu ya pili, mubaya kuliko ya kwanza: na kama haitaisha? Kama kesho ni Jumatatu, nitamuambia nini huyu mutoto?

Mwuguzi akaingia kubadilisha chupa ya serumu. Mama wa kitanda cha jirani akaniambia: "Dada, nishikilie hii bakuli." Nikafungua macho, nikashika. Ilikuwa saa saba.

Deborah akauliza polepole: "Mama, imepita?" Nikasema ndiyo. Akageuza uso ku ukuta. Tangu pale haniambii neno. Ananiachia nimuoshe, lakini haniambii neno.

Sijui kama ninaweza kutia jina lile tunalotiaga mwishoni.

Kahambu

Goma, 17 Septemba 2025

Yaya wangu,

Ninakushukuru kwa kumbeba.

Utie lile jina. Mimi sina yaya mwingine. Kuhusu Deborah, usimwombe akusamehe upesi ili wewe upumue. Mwoshe, mpe vidonge vyake, ngoja. Hapa kuna watu waliopoteza zaidi ya hayo, na wanaongea tena. Si wote, lakini wako.

Bénie analia hapa pembeni, anasema nikuandikie kwamba anakupenda.

Mudogo wako,
Edmond

Lubumbashi, Hewa Bora, 2 Novemba 2025

Mudogo wangu Edmond,

Jambo kwako na kwa nyumba yote. Pole tena kwa msiba wa mama mukwe, Mungu amupumzishe. Sisi tumerudi nyumbani. Mvua imeanza. Deborah anatembea, mukono bado. Juma lililopita aliniomba kitabu cha mutihani, akasema: "Mama, nitaandika na wa kuume, huo hauna shida." Hayo njo maneno mengi aliyoniambia tangu hospitali. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Jirani bananicheka sokoni. "Mama Mwisho," njo jina langu sasa. Nauza bitenge byangu na naitika.

Nabii alisema siku ilisogezwa kwa sababu ya bale balitoroka, yaani sisi. Sasa ni Noeli. Nusu balirudi kwao. Chanda alibaki. Huyo nilimuleta mimi, Edmond, na siwezi kulala nikifikiri iko kule. Mara ya kwanza nilifika getini nikamuambia yote, samaki ya nabii, hospitali, yote. Aliziba masikio, akakimbia. Mara ya pili hakutoka.

Nikawaza wewe, vile ulikuwa unaniandikia na mimi sisomi. Basi sasa kila Jumamosi naenda, nakaa chini kwenye waya wa uzio, natoa maharagwe yangu kuchambua, na naongea tu. Sitaji nabii. Namuambia mvua ilibomoa ukuta wa nani, nani alioa, bwana yake alijifunza kupika sombe na iliungua. Vijana ba geti bamezoea, mumoja ananiletea kiti.

Jana Chanda alikuja, akasimama mbali kidogo, kichwa chini. Amekonda. Nikaendelea kuongea. Nikafika kwa Exaucée, nikasema ameanza masomo, amevaa uniforme, nywele iko nzuri.

Akauliza, bila kuinua uso: "Nani anamusuka?"

Nikasema: "Mimi. Kila Jumapili."

Mimi sikuthubutu hata kugusa maharagwe. Kisha akasogea mupaka kwenye waya, akashika, akasema:

"Usimukaze huku nyuma ya masikio. Huku njo anaumwaga."

Jumamosi nitarudi.

Yaya wako,
Kahambu