Mikonge ya Mpakani

Mjukuu wangu Nyamvula,

Pokea salamu zetu kutoka Kikoneni. Sisi tu wazima, mjomba wako amepona mguu, na mihogo imeshika vizuri. Ila tangu nisome swali lako moyo wangu haujatulia. Waniuliza kama kutubu ni kumwambia Mungu tu, basi. Mtu haulizi hivyo bila sababu.

Nilipokuwa kijana kama wewe, niling'oa mikonge ya mpaka nikaisogeza hatua mbili ndani ya shamba la jirani yetu, Bi Mwanakombo, wakati yeye alikuwa Msambweni akimwuguza mamake. Jumapili moja nikatubu kanisani mbele ya watu. Nililia, wakaniombea, nikatoka mwepesi. Njiani kurudi nikaiona mikonge imesimama palepale nilipoipanda.

Bi Mwanakombo alikuwa amesharudi, na siku tatu nilikwepa hata kuchota maji wakati anaochota yeye. Ya nne nikaenda kupiga hodi. Yeye ni Mwislamu, sikujua angenipokeaje. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilisikia ulitubu kanisani, mwanangu. Nimekuwa nikingoja uje na jembe."

Sikuwa nimelibeba. Ilinibidi nirudi kulichukua, na tuliihamisha mikonge pamoja mpaka adhuhuri.

Sikuulizi umefanya nini, mjukuu wangu. Nauliza tu kama huyo uliyemkosea bado utamkuta.

Nyanya yako