Gauni la Bibi ni Namba Kumi na Nne, Mimi ni Nane, na Linanibana

Shangazi Ardith mpendwa,

Nimekusoma gazetini tangu nikiwa shule, nikicheka shida za wenzangu, na leo ni zamu yao kunicheka, maana naomba msaada na sina mwingine wa kumwuliza ambaye hatakimbilia kumpigia mama yangu simu. Naolewa mwezi wa sita na Trent, na hilo halina tatizo, Trent ni mtu mzuri, tatizo ni gauni. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Libbie, mwenye miaka themanini na moja, amenipa gauni alilolivaa kwenye harusi yake mwaka sitini na tatu, satini nzito ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, zipu mgongoni, na aliponikabidhi aliniomba radhi. Aliniomba radhi, Shangazi, kwamba ni kubwa mno, kwa sababu lebo ya ndani inasema kumi na nne na mimi dukani huchukua nane.

"Mwambie fundi alipunguze bila huruma, mjukuu wangu," akasema. "Nilikuwa pande la mtu."

Kwetu kila mtu analijua hilo. Katika ukoo kulikuwa na akina Libbie wawili, mtu na binamu yake, na ili wasichanganywe binamu akaitwa Libbie tu na bibi yangu akaitwa Libbie Mnene, na aliyelianzisha jina hilo ni dada yake mkubwa, Vlasta, aliyevaa namba kumi na aliyekuwa akiisoma namba ya mdogo wake kwa sauti mbele ya wauzaji. Nimekua nikiona matunda yake bila kujua yametoka wapi. Bibi huoka kolachi za plamu, vimkate vitamu kuliko vyote hapa Nebraska, halafu hula nusu ya kimoja na nusu nyingine huifunga kwenye karatasi. Ziwani hukaa kwenye kiti cha turubai akilinda viatu vyetu, kila kiangazi, na sijawahi kuyaona magoti yake. Na katika kila picha ya familia ana mtoto wa mtu mbele yake, na mtoto akikosekana hushika bakuli la viazi.

Sasa sikia. Nililijaribu gauni nyumbani kwa dada yake Trent, na zipu ikapanda hadi kiunoni ikagoma. Nilivuta tumbo ndani, nikatoa pumzi yote, dada yake Trent akavuta mpaka akaanza kuniomba msamaha, na bado mgongo ulibaki wazi upana wa vidole vinne. Nikadhani limenywea kwa kukaa, lakini pindo linagusa sakafu vizuri na mikono inanifika kabisa, na nguo hainywei kiunoni peke yake.

Hapo ndipo udadisi uliponishika, na nikishikwa na udadisi mimi sina adabu. Kazi yangu ni kupima unyevu wa mahindi kwenye ghala la ushirika. Mkulima akileta lori na kipimo kikasema kumi na tano, basi ni kumi na tano, aende ghala la mji wa pili, avuke hata aingie Kansas, bado ni kumi na tano, na asiporidhika tunapima tena mbele ya macho yake. Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikazitandaza nguo zangu zote kitandani, nikachukua futi ya fundi, nikaanza kuzipima moja moja huku Trent akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa hajui aingie au aondoke. Kabati moja, Shangazi, mwili mmoja. Nina jinzi namba nane, na jinzi namba sita za duka lingine ambazo ni pana kuliko zile nane. Nina gauni la kanisani namba kumi na mbili linalonibana kwapani, na koti alilonitumia mamangu mdogo kutoka Uingereza, nalo ni kumi na mbili, linanikaa kama nililoshonewa. Blauzi ya Kiitaliano imeandikwa arobaini na nne, Trent akauliza kama hiyo ni bei. Sweta nililoagiza mtandaoni kutoka ng'ambo limeandikwa XXXL, herufi za watu wakubwa kuliko wote, na haliwezi kumfunika hata paka.

Mwishoni nikalipima gauni la Bibi. Kiuno ni inchi ishirini na sita. Nikapima tena, nikamwita Trent apime yeye, akapata ileile. Dukani leo kiuno hicho ni namba mbili, labda nne. Libbie Mnene alikuwa mwembamba kuliko mimi, kuliko mama, kuliko maharusi wote niliowahi kuwashikia maua, na mtu pekee aliyemzidi alikuwa Vlasta, ambaye sasa naamini alikuwa ufito tu.

Nilimkimbilia mama nikicheka, nikidhani naye atacheka. Mama aliacha kukausha vyombo, akaniangalia kama nimemletea habari ya msiba.

"Usithubutu kumwambia," akasema. "Ameshazoea. Ukimwambia leo ataanza kuhesabu miaka."

Nikamtii, maana niliogopa kwamba yuko sahihi, na pia kwa sababu nilikumbuka kwamba mama naye hukata kolachi katikati. Kisha Bibi akapiga simu kuuliza gauni limefikia wapi, na mimi, Shangazi, sijui ulimi wangu ulipatwa na nini, nikasema fundi ameshalipunguza na limependeza. Alifurahi sana. Akasema basi nimletee mabaki, vile vipande vilivyokatwa ubavuni, anataka anishonee kimfuko cha kubeba mkononi wakati wa ile dansi ambayo wageni humlipa bibi harusi dola wacheze naye. Mabaki hayapo. Fundi anasubiri neno langu tu ili afungue mishono na kuongeza kitambaa, na Bibi ameshasema atakuja mwenyewe siku ya kulijaribu mara ya mwisho, mwishoni mwa mwezi huu.

Jana nilijikuta nimesimama duka la vitambaa nikipapasa satini ya rangi ya maziwa, nikiwa na nia ya kununua yadi moja, kuikata vipande vyembamba, na kumpelekea. Muuzaji akaniuliza nataka kushona nini, nikatoka mbio. Nimejipalia makaa mwenyewe, najua. Nimwambie Bibi, au mama yuko sahihi? Na kama unajua, hizi namba hasa anaziamua nani?

Brenna, Nebraska

*

Brenna,

Weka mkasi chini. Huendi kununua satini.

Nianze na swali lako jepesi, maana naona limekukaa rohoni kuliko unavyokiri. Zamani kidogo alikuwapo wa kuamua, walau kwa jina. Serikali yetu iliwapima wanawake kwa maelfu, ikatolewa kanuni, wenye viwanda wakaifuata walipojisikia, na baadaye ikaachwa kabisa. Sasa kila kampuni hujichagulia mwanamke inayempenda, hushona kwa umbo lake, halafu hubandika namba inayodhani itakufurahisha. Ukijiona nane mahali ulipotarajia kumi, unafungua pochi. Namba zikawa zinashuka hivyo mwaka hadi mwaka na viuno wala havikushuka nazo, na Waingereza wana zao, Waitaliano wana zao, hakuna anayemwuliza mwenzake. Mahindi yako yana kipimo kimoja kwa sababu mkulima akipunjwa huja juu. Sisi tukipunjwa kwenye chumba cha kujaribia nguo tunaulaumu mwili na kurudi nyumbani kimya.

Sasa lile zito. Mama yako ana huruma, na amekosea. Ndiyo, Bibi atahesabu miaka. Ni miaka yake na ana haki ya kuihesabu. Mwanamke aliyefika themanini na moja amepokea habari nzito kuliko hii, na ninyi wawili mnamficha namba kana kwamba yeye ni yai la kuvunjika. Amezoea, anasema mama yako. Mtu huzoea hata kiatu kinachomuumiza. Na wewe ukachukua uongo wa lebo ukaongeza wako juu yake, kwa upole, kwa simu, ili afurahi. Hapo nakulaumu bila kupunguza.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi unalokaribia kulifanya, na sidhani umeliona. Ulimkimbilia mama yako ukicheka, umebeba habari gani? Kwamba Bibi alikuwa mwembamba. Ukimpelekea hiyo kama zawadi utakuwa umekubaliana na Vlasta kwa kila kitu, mmetofautiana kwenye hesabu tu. Tuseme futi ingetoa inchi arobaini. Ndiyo kusema angestahili nusu kolachi? Msichana wa inchi arobaini naye alikuwa na haki ya kulowa maji na kukaa mbele ya kamera mikono mitupu. Hilo Bibi hakuambiwa na mtu, mama yako hakuambiwa, na nina wasiwasi hata wewe hujaambiwa, uliyevuta tumbo ndani mpaka mtu wa watu akakuomba msamaha. Basi nakuambia mimi.

Fanya hivi, na fanya wiki hii. Kabla fundi hajafungua mshono hata mmoja, lichukue gauni uende kwa Bibi peke yako. Mama yako usimuage, atakuja kukuzuia. Mwambie Bibi moja kwa moja kwamba ulidanganya, kwamba gauni halikupunguzwa na mabaki hayapo. Atauliza kwa nini. Usijibu. Livae pale pale mbele yake, mgeuzie mgongo, mwombe akufunge zipu. Huyo ni mshonaji, mikono yake itaelewa kabla hujafungua mdomo. Futi iache mezani, usiishike wewe. Akitaka kupima atapima mwenyewe, na atakayoiona ataiamini kwa sababu ameisoma yeye.

Baada ya hapo sijui, na wewe hujui. Anaweza kucheka. Anaweza kumpigia Vlasta simu, kama bado yupo, na kumwambia mambo ambayo mhariri wangu hatayachapisha, na ukiona hivyo toka nje ukatazame gari lako. Anaweza kulia, anaweza kukukasirikia wewe uliyesimama karibu. Mvumilie, usianze kumtuliza kwa haraka ili wewe upate nafuu. Akishatulia, mpe kazi. Mwambie gauni linahitaji vipande ubavuni na unataka avishone yeye, kwa kitambaa atakachokichagua yeye, hata kisipofanana. Fundi mlipe kwa usumbufu wake na umshukuru.

Na ujiandae kwa swali moja, maana litakuja, huenda usiku huo huo au wiki nzima baadaye. Atakuuliza ilikuwaje watu wote wale, dada, mume, watoto, maduka, wakamwona kila siku na hakuna aliyemwambia. Usimtaje Vlasta. Usimtetee mama yako, wala usianze habari za viwanda. Jibu ni fupi na ni la kweli: "Hakuna aliyepima, Bibi." Kisha sogea pembeni, umwachie kioo ajitazame mwenyewe.

Shangazi Ardith