Filimbi ya Vifungo vya Tata

Tabora,
mwezi wa senene

Dada yangu Koku,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Anastazia. Sisi ni wazima, ila vidole vyangu viwili nimevifunga kitambaa kwa kuungua, na utasikia kwa nini. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Kahawa mmeshaanua? Na senene wameanguka kwa wingi mwaka huu? Huku nikiwasimulia wenzangu kazini kwamba kwetu tunakaanga panzi na kugombania bakuli, wananitazama kama mtu anayestahili kupelekwa kupimwa.

Barua yako niliipata Ijumaa na nimeisoma mara nne. Hii yangu isome kwanza ukiwa peke yako, halafu ndipo umsomee Mama. Baba Mdogo usimpe kabisa, maana ataisoma kwa sauti mbele ya kanisa.

Umesema ukoo umekuja tena, Baba Mdogo akiwa mbele, kutaka tuzike mgomba badala ya mwili wa Tata, baba yetu aliyekwenda kazi ya reli asirudi, kama tunavyowazika watu wetu ambao miili yao haikuonekana. Kamati ya kijiji inaandika vibanja vya migomba, na kila kibanja kinatakiwa kiwe na mwenyewe aliye hai. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, lakini siwezi kukalishwa kwenye kiti cha Tata kama mrithi kabla Tata hajazikwa. Na Mama amekataa. Amekataa tangu kabla ya Uhuru, mimi nikiwa sijang'oa hata jino la kwanza, na sasa amekataa zaidi kwa sababu ya Jumapili ile. Umeandika kwamba baada ya misa alikuwa anatandaza nyasi mpya sebuleni, akainuka ghafla, akaitika kwa heshima, "Karibu, waitu!" na kutoka mbio na magoti yake yale hadi mwanzo wa kibanja. Alimsikia Tata akipiga mluzi. Tangu siku hiyo anamwekea sahani kila mchana. Unaniuliza kama Mama ameanza kuchanganyikiwa.

Koku, Mama hajachanganyikiwa. Jumapili hiyohiyo na mimi nilimsikia, hapahapa Tabora, mchana kweupe.

Unajua kwamba nimekuwa nikiunda treni ndogo. Hapa kwenye karakana injini za mvuke zinaondolewa moja baada ya nyingine kupisha za dizeli, na mimi ambaye nimezitengeneza miaka yote hii niliona vibaya zipotee hivihivi. Basi nikachukua kile chumba nyuma ya jiko. Kila futi ya injini kubwa nimeifanya inchi moja. Boila ni bomba la shaba lililotupwa, magurudumu niliyamimina mwenyewe kwenye mchanga, na mengine yote ni tupa, jiliwa la kubania vyuma na uvumilivu. Mwaka wa tatu huu. Anastazia anasema nilioa jiliwa, yeye alikuja kusindikiza tu.

Nilichagua aina ile ambayo Tata alikuwa akichochea moto wake, kwa kufuata picha moja iliyoning'inia ofisini. Picha inaonyesha upande mmoja tu. Chumba cha dereva kwa ndani nilikitengeneza kwa kubahatisha. Sasa, kuna mzee mmoja, Mzee Shabani, aliyekuwa dereva zamani, ambaye siku hizi hukaa jirani na soko. Alisikia habari za treni yangu akaja kuitazama. Aliinama, akachungulia ndani ya kile chumba cha dereva. Halafu akaniuliza, "Hii ndoano ya kutundikia birika, nani kakuambia?"

Nikamjibu hakuna aliyeniambia, niliona tu panafaa.

"Injini nyingine hazikuwa na ndoano," akasema. "Ilikuwa yangu tu. Alinipigilia mchochea moto wangu, Petro, Muziba mmoja wa Bukoba, mtu wa kupiga mluzi kutwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Kila tulipoandika barua ofisini tuliuliza habari za Rwegasira, jina la Tata la nyumbani, tukijaza mistari mitatu ya ukoo wake na babu zake. Yeye alikuwa amejiandikisha kwa jina la ubatizo tu, Petro. Nimefanya kazi miaka tisa katika karakana aliyopita baba yangu, na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba hakuna mtu huyo.

Mzee Shabani alinieleza yote, na mimi nakueleza wewe bila kupunguza. Tata alishikwa na homa safarini, upande wa magharibi, akafa kwenye kituo kidogo kabla ya kupatiwa dawa. Walimzika kando ya reli. Baadaye reli ikahamishwa, na kaburi halionekani tena. Mzee alidhani ofisi imetuandikia. Alipokwisha kusema alikwenda kwake, akarudi na kitambaa chenye vifungo sita vya shaba, vya koti la Tata. Alivitunza akingoja ndugu wa Petro. Nililia, dada. Nililia mbele ya mtu na sikuona haya.

Nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo nikashindwa. Kila nilipoanza nilimwona Mama na nyasi zake. Badala yake nikaingia chumbani nikafanya ninachokiweza: niliyeyusha vifungo vitano nikatengeneza filimbi ya treni.

Jumapili ile tulitoka kanisani, tukala, Mzee Shabani akaja. Treni ilikuwa nje kwenye kipande cha reli nilichotandika uani. Nikawasha moto wa mkaa. Mvuke ulipopanda, treni haikwenda. Ilitetemeka tu pale ilipo. Nikainama kutazama geji, ndipo filimbi ikalia. Miluzi miwili mifupi, na mmoja mrefu unaokatika mwishoni. Koku, uleule. Ule tuliokuwa tukiusikia Tata akirudi, akiwa bado kwenye migomba, wewe ukakimbia na mimi nikakimbia nyuma yako nikianguka.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Niliishika kwa mikono miwili ili inyamaze, ndiyo hivi vidole. Mzee Shabani alivua kofia yake akasema, "Petro, umefika." Anastazia, ambaye hajawahi kumwona Tata wala kumsikia, alitoka jikoni akifuta mikono, akauliza, "Nani kaja?"

Unanijua. Mimi ni fundi, na fundi hufungua kitu akatazama. Nilisema ni mchanga umekwama kwenye valvu, mvuke unavuja. Ilipopoa nikaifungua filimbi. Ndipo nilipokumbuka jambo moja nililokuwa nimelisahau. Filimbi ile niliifunga mahali pake ili tu Mzee aione. Nilikuwa bado sijaitoboa. Shina lake ni shaba tupu kutoka chini hadi juu, hakuna tundu ambalo mvuke ungepita. Niliitazama juani, nikaingiza waya, nikampa Mzee naye akatazama. Haipitishi hata pumzi.

Sijaitoboa mpaka leo na sitaitoboa. Nilipoiondoa, treni ilikwenda vizuri kabisa.

Sasa sikia ninachokuomba. Nimeiweka filimbi ndani ya kisanduku pamoja na kifungo kile cha sita. Mwenzangu anakwenda Mwanza, atampa mtu wa kwenye meli, na shemeji akipokee bandarini Bukoba alale nacho kwake Hamugembe mjini, kisha akilete nyumbani Muleba kwa basi la asubuhi. Baba Mdogo aandae mgomba. Vizikwe pamoja, pale juu karibu na babu, nami nitakuja kukalishwa kiti nikipewa likizo. Lakini kisanduku kisipokelewe na ukoo. Kipokelewe na Mama, kwenye mwanzo wa kibanja, yeye peke yake. Miaka yote hii amengoja kumkaribisha mumewe. Asinyimwe hilo ili kamati ipate jina.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie shemeji, katekista aliyenifundisha kusoma, na balozi wetu wa nyumba kumi, umwambie mwenye kibanja yupo. Baba Mdogo naye msalimie, ingawa hastahili. Anastazia anawasalimu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Deo

Nimeongeza haya baada ya kukipigilia kisanduku misumari. Kimelia tena sasa hivi, mezani, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mwambie shemeji kikilia ndani ya basi asishtuke wala asikifungue. Na wewe msaidie Mama kukata nyasi za kumtandazia Tata sebuleni, ziwe za kutosha.