Mwanamke Aliyekwenda Mwezini

Mjomba Melkiori, shikamoo.

Huku Mgeta hatujambo, na kabichi zimefunga vizuri. Kwenye simu nimeweka programu inayoonyesha moja kwa moja safari ya watu waliokwenda kuuzunguka mwezi. Bibi haachi kuitazama. Alipomwona mwanamke mle chomboni, aliniuliza, "Na huyu, mjomba wake alimruhusu?"

Nikamwambia sidhani kama mjomba aliulizwa. Bibi akawa anakifuata kile chombo kwa kidole.

Mjomba, ile posa uliyoipokea bila kuniuliza, naomba uirudishe. Sitaolewa sasa. Jumatatu napanda basi Msamvu, nakwenda chuoni Dodoma.

Begi amenifungia Bibi mwenyewe. Anasema ukiwa na neno, umpigie yeye, maana ndiye mama yako.

Mpwa wako,
Perpetua