Redio Iliyosikia Tu

Jumatatu, 6 Machi 1989

Saa tatu hospitali wameita kwa redio koli, ile ya kusemezana. Nimejibu. Sauti safi. Asubuhi mawimbi hupanda, hugonga anga, hushuka ng'ambo ya vilima. Baadaye ni mikwaruzo tu. Betri ni nusu. Mvua siku ya nne, sola haipati jua.

Mganga Byabato, mkuu wetu wa zahanati, amechomeka tena redio kaseti yake kwenye betri hiyo. Nilimwambia ni ya dharura. Akacheka mbele ya wagonjwa. "Msikieni msomi! Kidato cha nne kizima, anaogopa betri. Kwani ya mama yako?" Wagonjwa nao wakacheka. Nikarudi kwenye kitabu changu cha redio. Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Saini ni yake.

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Mganga amesikiliza mpira mpaka mwisho.

Nimegundua hili: betri ikidhoofika, redio koli hupokea vizuri, ila kusema kunataka nguvu nyingi zaidi. Nikibonyeza kitufe, taa nyekundu inazima. Nawasikia. Hawanisikii. Nimemwambia Mganga. Amesema jua litawaka.

Ijumaa, 10 Machi

Saa nne asubuhi Mganga ameletewa mgonjwa: Koku, uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Wanaume wanane wamembeba kwenye engozi, machela ya miti na kamba. Mama yake nyuma, miguu matope. Walitaka kuendelea moja kwa moja hadi hospitali, mwendo wa saa tano kwa miguu. Mganga akawazuia. "Mtueni hapa mgonjwa. Hizi siyo enzi za babu zenu. Karani ataita gari."

Wote mlangoni, wananitazama. Nikabonyeza. Taa ikazima. Mganga aliiona. Akanikazia macho. Nikaita hivyo hivyo, kwa sauti kubwa: "Hospitali, hospitali, mama mjamzito, hali mbaya, leteni gari. Ova." Nikatulia kama anayesikiliza jibu.

Nikasema, "Gari linakuja."

Wakaketi kusubiri. Saa tisa wakachoka, wakanyanyua engozi. Saa ambayo wangekuwa wameshafika.

Jumamosi, 11 Machi

Koku amefia njiani. Mtoto pia.

Mganga ameniamuru niandike kitabuni: gari liliitwa saa nne, halikufika. Nimeandika. Mwandiko mzuri, hakuna kilichofutwa. Kisha akasaini barua yangu ya ajira kwa kalamu hiyo hiyo. "Sasa umekuwa mtumishi," akasema. Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Jumatano, 22 Machi

Jua. Betri imejaa.

Matanga yamekwisha. Mama yake Koku amekuja, mkungu wa ndizi kichwani. Nimesimama, nimempa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulimpigania. Nilikuona ulivyoita."

Ameutua mkungu kando ya meza ya redio, akaenda shambani.

Saa tatu hospitali wameita. Wananipata vizuri, wanauliza kama nina ujumbe.

Nimesema sina. Ova.