Mumiani wa Kifaransa

Dada yangu Nyambura, uliyetangulia,

Jumamosi binti yako Muthoni aliimba. Narudia, maana najua utasema kaka yako ameanza zake: aliimba. Tangu tukuzike hakuwa amefungua mdomo hata kanisani, na nilianza kuogopa kwamba ile sauti ulienda nayo.

Ilikuwa kwa ukumbi mmoja hapa Thika. Mchezo wa Kifaransa kitupu, nyimbo mwanzo mpaka mwisho, uliotolewa kwa kitabu cha kale cha bwana mmoja anayelala kwenye jeneza na kunywa damu ya watu. Nikawaambia wa mstari wangu wa viti huyo si mgeni, ni mumiani, na nilishamkimbiza kule kijijini Kiganjo mpaka mtoni akaacha kiatu. Unakumbuka nilivyokutisha naye tukitoka kuchota maji, ukivuta shati langu mpaka vifungo vinakatika? Jeneza lilipofunguka, wamama wakaanza kukemea pepo. Mimi nilitulia. Sawa, nilishika kiti.

Kifaransa nilisema nakijua, kwa sababu ya zile nyimbo za Wakongo. Nikawatafsiria mstari mzima.

Kisha Muthoni akatokea na gauni jeupe, mumiani nyuma yake. Piano ikaanza, akanyamaza. Ikarudia, akanyamaza bado. Nyambura, nilisahau hata kujisifu. Halafu sauti ikatoka. Ilijaza ule ukumbi mpaka mabati yakaitikia, na hapo siongezi chumvi. Na neno la kwanza lilikuwa "Mama!"

Unakumbuka kule Kimbo, majirani wetu wa kutoka Magharibi mwa Kenya walivyocheka wakisikia Muthoni akiniita "mama", mimi na ndevu zote hizi, mpaka ukawaeleza kwamba kwa Kikuyu mama ni mjomba? Basi nilisimama katikati ya watu nikaitika, "Niko hapa, mtoto wangu!"

Ukumbi ukacheka. Msichana wa kando akanivuta koti. "Mzee, keti. Hapo anamwita mamake."

Nikaketi. Lakini Muthoni alikuwa ameniona. Hakucheka. Aliimba wimbo wote akiangalia pale nilipo, na huyo mumiani akawa kama mtu wa kubeba mizigo tu.

Kifaransa sijui, dada. Nakuambia wewe peke yako. Ila alikuita, nikaitika, na akiita tena nitasimama tena, wacheke.

Lala salama.

Kaka yako, yule mama mwenye ndevu