Mapanga Yako Sawa

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Bi Hannah ameileta ndege yake asubuhi kutoka shamba la mkonge, Kilifi. Inatikisika. Anasema akiwa juu meno yanamgongana, na kikombe cha chai hakikai. Injinia Ndirangu akaizunguka mara moja, mikono mfukoni, akasema ni mapanga yanayozunguka puani mwa ndege. Yamekwaruzwa na mawe, upande mmoja umekuwa mwepesi. Mzee Badi atayapima.

Mzee Badi, yaani mimi. Miaka kumi na tisa katika hanga hili la Malindi. Yeye ana miwili, na leseni. Mimi nafungua, napima, napiga tupa, nafunga. Yeye anatia sahihi katika kitabu cha ndege. Jina langu halimo kitabuni hata mara moja. Ndiyo maana naandika humu.

Marehemu baba alikuwa fundi wa mashine za maboti kule Mambrui. Kitu hiki akikiita rafadha. Leo nikalitaja neno hilo mbele ya Ndirangu. Akacheka mpaka akashika bawa la ndege. Rafadha ndiyo nini, mzee? Haya, nikasema, panga. Kama la kukatia kuni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeifungua rafadha. Bolti sita. Nimeipitisha fimbo ya chuma katika tundu la kati, nikaiweka juu ya visu viwili vya chuma nilivyovilinganisha kwanza kwa pimamaji. Milango nimefunga, maana upepo wa kusi ukiingia ndani hata kidogo, kazi imeharibika. Panga lenye mikwaruzo likapanda, mwenzake likashuka. Nikalipiga tupa lililoshuka, kidogo tu, nikalipiga msasa, nikarudisha juu ya visu. Tupa, msasa, visu. Kutwa nzima. Kazi hii haitaki nguvu, inataka mtu asiye na haraka.

Mchana alikuja Mwambire na lori la shamba, kaleta mapipa ya mafuta. Yeye ndiye mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Bi Hannah. Akanivuta pembeni. Anasema mwezi wa sita ndege ilipiga kichuguu ikitua, rafadha ikagota na injini ikazimika pale pale. Waliambiwa wasiseme.

Mawe, eti.

Jumatano, 6 Agosti

Saa nne asubuhi mapanga yalitulia. Nikiyalaza, yanalala. Nikiyasimamisha, yanasimama. Nikiyaacha mshazari, yanabaki mshazari. Nikakaa kuyatazama tu. Hakuna aliyeniona.

Ndirangu akapita mlangoni, funguo za gari mkononi.

— Vipi mzee, mapanga?

— Mapanga yako sawa.

— Sawa. Rudisha.

Akaenda zake! Mimi nilikuwa sijamaliza. Kwetu sisi, sawa ni hili na hili uzito mmoja. Nilitaka kumwambia mapanga yako sawa, kwa hivyo mtikisiko hautoki kwenye mapanga. Kwake yeye sawa ni kazi imekwisha, twende tukale. Nilijua papo hapo alivyonielewa. Ningeweza kumwita.

Kabla ya kurudisha nikafanya jambo ambalo sikuagizwa. Nikapigilia msumari kwenye ubao, nikausogeza mpaka ncha ikagusa ile sahani ya mbele ya injini, inayofungiwa rafadha. Kisha nikaizungusha injini kwa mkono, polepole. Nusu ya mzunguko, msumari unagusa. Nusu ya pili kuna mwanya. Karatasi mbili za daftari hili zinapita. Maana yake mhimili wa injini, chuma kinachoizungusha rafadha, umepinda. Kile kichuguu. Chuma kilichopinda hivyo hakinyoki tena. Kitazunguka, kitazunguka, halafu siku moja kitakatika, na huko juu hakuna mahali pa kuegesha.

Nikaenda ofisini kusema. Wallahi nilikwenda. Ndirangu alikuwa amerudi, anakunywa chai na Bi Hannah, mlango uko wazi. Nikamsikia anamweleza kuwa yeye ndiye aliyegundua ni mapanga, na yeye ndiye aliyenionyesha pa kupiga tupa. Mzee ana mkono mzuri, anasema, lakini kichwa lazima utoe wewe.

Nikageuka na msumari wangu.

Haya. Kama kichwa ni chako, na aibu iwe yako. Ndege itatikisika tena mbele ya mwenyewe, tuone utamwambia nini. Nimerudisha rafadha, bolti sita, nimekaza zote kwa kipimo. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamejaribu injini. Mtikisiko umepungua. Kazi yangu ile! Raundi zikipanda mimi nausikia bado, chini ya nyayo, kama mtu anayesaga nyumba ya pili. Wao hawausikii. Bi Hannah akaweka kikombe mbele yake, kikakaa. Akapiga makofi.

Niliisubiri aibu ya Ndirangu mpaka jioni. Haikuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi kutoka sala ya Ijumaa, Ndirangu akaniita. Kitabu cha ndege kiko wazi mezani. Soma, mzee. Nikasoma. Mstari mzima kwa Kiingereza: mapanga yamepimwa na Badi Abdillahi. Neno la mwisho kaliacha kwa Kiswahili, kwa heshima yangu, anasema. *Sawa.* Chini yake sahihi yake.

— Si ulikuwa unataka? Nimekuandika.

Sijapata kumwambia kuwa nataka. Basi huonekana usoni.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda wa kuusoma mstari ule mara tatu. Halafu mate yakawa machungu. Miaka kumi na tisa ya kazi za kweli, jina hakuna. Kazi ya kwanza kuandikiwa jina langu ndiyo hii. Na yule kijana, kwa mara ya kwanza, alikuwa ananitendea wema.

Nikasema ahsante.

Jumapili, 10 Agosti

Sina la kuandika. Mke wangu Mwanabibi ameuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Ningejua, ningemwambia mke wangu asilete chakula leo.

Mwanabibi alifika adhuhuri na wali, akamkuta Bi Hannah hangani. Wakaamkuana. Bi Hannah akamuuliza Idi Kubwa atakula wapi. Mwanabibi akasema kwa dada yake Shekha, Lamu, Mungu akipenda, ila basi ni kutwa nzima, vumbi, na mgongo wake huu. Bi Hannah akasema yeye anakwenda huko Jumatano, atashuka kiwanja cha Manda, na kiti kipo. Iwe shukrani kwa kazi ya Badi.

Mwanabibi akafunika mdomo kwa mkono. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama tulipooana. Ndirangu naye anatabasamu. Wote wanatabasamu! Mimi nikasema tutaona.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Ndirangu asubuhi. Msumari, mwanya, kichuguu, yote. Akauliza niliona lini. Nikasema Jumatano.

— Jumatano? Leo ni Jumanne, mzee. Na ukaniambia iko sawa?

Nikamweleza kuwa nilisema mapanga, sikusema ndege. Nikamweleza sawa ya kwetu. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Mzee, sawa ni sawa. Nikamwambia nilijua kuwa hakunielewa. Hapo mikono yake ikatoka mifukoni, haijui pa kukaa.

Anasema akiifungua injini sasa, ataulizwa kwa nini alitia sahihi, na leseni imekwenda. Ana mama Nyeri anayemtegemea. Anasema ndege inaruka hivyo hivyo tangu mwezi wa sita. Itafika Lamu na kurudi. Baada ya Idi tutaifungua, kimya kimya. Alikuwa ananiomba. Nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri. Kosa lake ni kutosikiliza. Langu je?

Nyumbani nikamwambia Mwanabibi apande basi. Kwa nini? Nikasema ndege si nzuri. Akacheka. Ameshaaga mtaa mzima, na Shekha amepelekewa salamu aje kumpokea Manda.

— Babake Amin, si wewe uliyeipima? Angekuwa fundi mwingine ningeogopa.

Nimeshindwa kuendelea. Nikisema neno moja zaidi, itabidi niseme kwamba nilijua, nikafunga mdomo ili mwanamume mwenzangu aaibike. Hilo sijui namna ya kumwambia mwanamke aliyekaa nami miaka ishirini na sita. Alikuwa anapiga pasi buibui. Nilikaa pale mpaka akamaliza.

Jumatano, 13 Agosti

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika juu ya meza ya hanga.

Mwanabibi ameshaketi ndani ya ndege. Buibui limenyooka, kikapu cha mikate ya sinia mapajani, mkanda amefungwa na Bi Hannah mwenyewe. Nimemwambia Bi Hannah. Nimesimama mbele yake nikasema injini ina kasoro, mhimili umepinda, tazama. Akamtazama Ndirangu. Ndirangu akatazama chini, akasema mzee ana wasiwasi wa mke. Bi Hannah akacheka kwa upole. Lakini Badi, anasema, umeandikwa wewe mwenyewe. Sawa. Nikamtajia kichuguu. Kicheko kikamtoka usoni mara moja. Akasema amechelewa, akaenda kuandikisha safari.

Kitabu cha ndege kimebaki hapa, kimelala kando ya daftari hili. Hawaruki bila hicho. Sheria naijua kuliko wao: mstari ukikatwa, ndege haipandi mpaka mwenye leseni atie sahihi upya. Na asiye na leseni akikata, haingii hanga lolote tena, hapa wala Mombasa. Nina miaka hamsini na mitatu. Kazi nyingine siijui.

Mwanabibi ananipungia mkono kupitia kioo. Nimempungia.

Nimekata. Mstari mmoja, kutoka jina langu mpaka sawa. Pembeni nimeandika kwa Kiswahili, kwa kalamu hii hii: Mhimili wa injini umepinda. Nilijua tangu Jumatano iliyopita. Badi Abdillahi.

Jina limekaa vizuri. Ndirangu anakuja, anauliza kitabu kiko wapi.